Shati la Baba Yake Neema

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja sindano kabla ya chai ya saa nne. Kiwanda kilikuwa Clairwood, katikati ya maghala, na malori ya bandarini yalipita nje mfululizo hata sakafu ikawa inatetemeka chini ya viti. Kwetu nilishonea cherehani ya miguu, ile unayoikanyaga taratibu huku ukipiga soga na jirani. Hapa nilikalishwa mbele ya mashine ya umeme, ambayo ukiigusa tu kwa kidole cha mguu inakimbia kama inafukuzwa. Supervaiza wetu, mama mmoja wa hapa hapa Durban aliyevaa miwani machoni na nyingine kichwani, alikuja akaitazama sindano, kisha akanitazama mimi.

“Uliniambia unajua kushona,” alisema.

“Najua, madam. Mashine ndiyo hainijui.”

Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini alielewa na akacheka. Akanipa sindano nyingine na kunionyesha jinsi ya kuweka mguu kwa upande, usibebe uzito wote wa mwili. Nawaambia ninyi mnaoanza leo, ukipata bosi anayecheka siku ya kwanza, shika kazi hiyo kwa mikono miwili.

Tulishona ovaroli za watu wa bandarini. Pale hakuna aliyeshona nguo nzima. Mmoja alikuwa wa mikono, mwingine wa kola, mwingine alikaa kwenye ovaloki, yaani mashine ya kufunga ncha za kitambaa zisitoe nyuzi. Mimi nilikuwa wa mifuko ya nyuma. Nilishona mifuko ya nyuma mpaka nikaiota. Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa nawatazama wanaume matakoni, na mume wangu marehemu alihitaji maelezo.

Kutoka pale nilikwenda kwa Master. Huyu alikuwa mzee wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Durban, fundi wa suti tangu ujana wake, mwenye duka dogo Umbilo karibu na robot, ndivyo tunavyoziita taa za barabarani huku. Kwa Master ndipo nilipojifunza kwamba kushona mifuko na kushona koti ni kazi mbili zisizojuana. Alinifundisha kupiga bandi, yaani kushikiza kitambaa kwa mshono mrefu wa muda kabla ya ule wa kudumu. Alinifundisha kukata bitana, kile kitambaa laini cha ndani, kiwe kikubwa kidogo kuliko koti lenyewe, kwa sababu bitana ikibana koti linakunja uso. Na alinifundisha akiba ya mshono.

Akiba ni kile kitambaa unachokiacha ndani, nyuma ya mshono, kisichoonekana na mtu. Siku moja niliikata akiba yote kwenye ubavu wa koti ili mshono ulale vizuri. Master aliligeuza koti nje ndani, akaenda kujimiminia chai. Aliporudi alisema, “Anayesimama mbele yako leo siye atakayerudi mwakani. Atanenepa, atakonda, atafiwa, atapata mtoto. Mwachie nafasi huko ndani.” Siku hizi ninyi mnauza nguo zisizo na akiba hata ya unyoya, na mteja akiongezeka kilo anaambiwa anunue nyingine.

Master alipofunga duka nilipanda juu kidogo ya barabara ile ile ya Umbilo, kwa Madame. Madame alikuwa mtu wa kwetu, mwanamke wa manukato na wigi zuri, na alijua kumwambia mteja hapana mpaka mteja akamshukuru. Kwake tulishona harusi. Watu wote wa kwetu walioko Durban, wa saluni, wa maduka ya simu, wachungaji kwa wachuuzi, walipooa au kuozesha walipita kwenye meza yetu.

Harusi ya kwetu ina kitambaa cha familia. Mama wa bibi harusi anachagua kitenge kimoja, na ndugu wote wa damu wanavaa hicho hicho, kila mtu kwa mshono wake. Jirani haruhusiwi, rafiki haruhusiwi. Ukikivaa umeshasema mbele ya ukumbi mzima: hawa ni wangu, na mimi ni wao. Nimeona shangazi aliyenyimwa kitambaa akilia kuliko aliyenyimwa chakula. Madame alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kitambaa cha familia kinatoka jora moja, na kinakatwa siku moja. Jora la pili, hata kama ni la kiwanda hicho hicho, rangi yake itatofautiana kidogo, na kwenye picha yule ndugu ataonekana kama mtu aliyedandia. Kwa hiyo asiyekatiwa siku ile ndiyo basi tena.

Kwa Madame ndipo nilipomjua Honorable. Kwetu mbunge anaitwa hivyo, na huyu jina hilo lilimkaa vizuri. Alikuwa anakuja Durban kupokea magari bandarini ili ayasafirishe kaskazini, na kila akija lazima ashone. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia. Nilikuwa nalipandisha kwa pedi nyembamba ndani ya koti, na hakuna mpiga kura aliyewahi kujua.

“Maman Furaha,” alikuwa ananitania, “weye njo unajua siri ya serikali.”

“Siri ya serikali haiko begani, Honorable. Iko tumboni. Vuta pumzi nipime.”

Alikuwa na binti mmoja, Neema, aliyemleta kusoma hapa. Neema alikuwa anakaa juu ya meza yetu ya kukatia, anakula bunny yake, ule mkate uliojazwa mchuzi, na Madame anamfokea asidondoshee kitenge mafuta. Alipomaliza chuo alipata kazi kwenye ofisi ya meli bandarini na akabaki. Baba yake akifika Durban, kabla ya magari, kabla ya suti, anamtafuta Neema kwanza. Alimpenda mtoto yule waziwazi, mbele za watu, na kwa wanaume wa kwetu hilo ni jambo adimu. Nami nilimpenda Honorable kwa sababu hiyo.

Asubuhi moja Neema aliingia na msichana wa Kizulu, mrefu, mwenye kicheko cha karibu. Nilikuwa nimebana pini mdomoni.

“Maman Furaha, huyu ni Thandeka. Tunaoana. Hapa sheria iko, tumeisha peleka majina ofisini. Minataka uture wewe.” Kutura, kwa wasiojua Kiswahili chetu, ni kushona.

Pini mdomoni ni baraka, zinakupa muda. Sitawadanganya. Nimekulia kanisani na nilikuwa na maswali yangu, mengine ninayo mpaka leo. Lakini mtoto yule nilikuwa nimempima tangu hana kifua. Nilizitoa pini moja moja, nikasema, “Simama wima. Umekonda.”

Madame alifunga mlango wa duka. “Papa yako anajua?”

“Anajua. Amesema nisimuite papa mbele ya watu mpaka kura ipite.”

Kura yenyewe ilikuwa hii. Kule kwetu bungeni walikuwa wanajadili mswada wa ndoa za namna ile. Kwamba haziruhusiwi nchini, hilo lilijulikana. Mswada uliongeza kifungo, na kifungo hicho kingemfuata hata aliyefunga ndoa nje, siku akikanyaga nyumbani. Aliyetia sahihi ya kwanza chini ya mswada alikuwa Honorable. Ungepita, Neema asingeweza tena kwenda kumwona mama yake, wala kumzika.

Video ya hotuba yake ilifika dukani kwetu kabla ya redio, mnajua watu wetu na simu. Tulikuwa kwenye chai na wateja. Honorable alisimama katika suti ya bluu iliyoiva, akapiga meza kwa kiganja, akasema, “Mambo haya ni ya nyumba za wengine. Kwangu hayajaingia na hayataingia.” Wakapiga makofi. Mimi nilitazama kola kwanza. Ilikuwa yangu, imelala sawasawa, bega limenyooka. Nilitamani imkabe kidogo.

Madame aliogopa, na hofu yake haikuwa ya bure. Nusu ya wateja wetu walikuwa wa makanisa, na Honorable mwenyewe alituletea wake za wabunge wenzake. Lakini hakusema tusishone. Alichofanya ni kulifunika jora la kitenge cha harusi ya Neema, na mteja akiuliza anajibu, “Ni ya kampeni ya Honorable.” Basi mama mmoja wa kwaya, shabiki mkubwa wa ile hotuba, akaja na shogaye wakitaka nao wakatiwe kile kitenge ili wamuunge mkono. Madame alipaliwa na chai mpaka wigi likahama. Tukawaambia limeisha.

Kitambaa chenyewe alikuwa amekichagua mama yake Neema kwa picha za simu. Kilikuwa cha kijani kibichi chenye majani ya njano. Siku ya kukata alipiga simu kutoka nyumbani.

“Kata ya wote, Maman Furaha.”

“Ya papa pia?”

“Mimi sijamutoa mu familia. Kata.”

Neema, aliyekuwa amekaa pale, alishuka mezani. “Usikate. Itabaki inaning’inia hapa, na mimi nitaiona. Afazali isiwepo.”

“Mtoto wangu,” nilimwambia, “nisipoikata leo haitakuwepo tena. Ikiwepo na hakuivaa, ni shauri yake. Isipokuwepo, ni shauri yangu.” Nikaikata. Shati lake sikuhitaji kumpimia, mwili wake nilikuwa naujua kwa mkono. Ubavuni niliacha akiba pana kuliko kawaida, sijui kwa nini, labda Master alikuwa amesimama nyuma yangu.

Wiki kadhaa kabla ya harusi Honorable alifika kupokea magari yake, na akaja kujaribu koti jipya. Madame alijificha jikoni. Nilimvalisha koti lililopigwa bandi tu, limejaa chaki na pini, mkono mmoja umeshikizwa na mwingine bado uko mezani. Kujaribu nguo ni kazi ya ukimya. Mteja anainua mikono kama aliyekamatwa, na fundi anazunguka. Macho yake yakaenda ukutani, kwenye lile shati la kijani.

“Tissu ile, kitambaa ya kijani, ni ya nani?”

“Ya familia, Honorable.”

“Familia gani?”

“Yako.”

Alishusha mikono. Akaniambia kwamba nimemdharau, kwamba sisi wote tuliokaa huku tumepoteza akili, kwamba Madame asahau kumwona tena. Kisha akatoka. Akatoka na koti vile vile, mkono mmoja, pini zote ndani, chaki nyeupe mgongoni, akashuka barabara ya Umbilo kwa hasira kama yuko bungeni. Nilisimama mlangoni. Alifika kwenye robot, taa ikawa nyekundu, akasimama na watu. Kijana mmoja wa teksi akampigia kelele, “Haibo, baba! Mkono uko wapi?” Watu wakacheka. Akainua bega kujibu, na hapo pini zikamwingia.

Alirudi polepole, mbavu ameziachia mbali na koti.

“Fundi, toa sindano.”

Nilianza kuzitoa. Zilikuwa nyingi, na nilipofika kwenye lile bega lililoshuka akaligeukia shati la ukutani.

“Unazani sipendi mutoto wangu?” alisema chini chini.

“Sizani.”

“Mule bungeni siko peke yangu. Mwenzangu mumoja, mutoto wake iko Ulaya na mwanaume mwenzake. Mwingine ni mudogo wake. Tunajuana. Kila mutu anafunga mulango yake, halafu anapiga kelele juu ya nyumba ya jirani. Mimi nilitia sahihi ya kwanza ili batu basiulize.” Akafuta uso. “Nikiendaka ku mariage, ku harusi yao, picha itafika kule mbele yangu. Niko nimekwisha.”

“Usipoenda, Papa Neema?”

Nilimwita hivyo kwa mara ya kwanza, sio Honorable. Nilipomaliza alivaa koti lake alilokuja nalo, akasimama, kisha akaliangua lile shati ukutani mwenyewe, akalikunja dogo kabisa na kulisukuma ndani ya begi chini ya makaratasi ya magari.

Harusini hakuja. Kiti chake kilikuwa mbele, na mama yake Neema, aliyefika kwa ndege, aliweka mkoba wake juu yake ili mtu asikikalie. Ndugu wa Thandeka waliimba mpaka ukumbi ukajaa, na Madame, yule mwoga wangu, alikuja na kofia kubwa akakaa mstari wa pili kila mtu amwone. Neema alitembea na mama yake. Nilimwona akitazama mlangoni mara moja, halafu hakutazama tena. Hakulia. Mimi nililia kwa niaba yake, na sioni haya kuyasema.

Miezi ilipita, mswada ukarudi kwa kura. Neema alitoka kazini akaja kukaa juu ya meza yetu kama zamani, simu mkononi. Kwenye kioo cha simu wabunge walijaa, suti nyeusi mstari kwa mstari. Kisha akasimama mmoja mwenye shati la kijani kibichi lenye majani ya njano. Neema alinishika mkono mpaka pete yake ikaniumiza.

Honorable hakupiga meza. “Sahihi ya kwanza kwenye mswada huu ni yangu,” alisema. “Naomba ifutwe. Nilisema mambo haya hayajaingia kwangu. Niliwadanganya. Mwanangu Neema ameoana na mwenzake Thandeka huko Durban. Nguo hii ni ya harusi yao. Sikuivaa siku ile, naivaa leo. Mkipitisha, mjue wa kwanza kufungwa ni mtoto wangu, na mwanze kwa kunipitia mimi.” Wakaanza kuzomea. Alibaki amesimama. Hakukuwa na koti, hakukuwa na pedi, bega lilikuwa limeshuka kabisa mbele ya nchi nzima.

“Papa,” Neema aliiambia simu. “Papa wangu.”

Mswada haukupita siku ile. Ulirudishwa kwenye kamati, na nasikia kila baada ya muda kuna mtu anaufuta vumbi. Katika wale wenzake wenye milango iliyofungwa, hakusimama hata mmoja. Yeye uchaguzi uliofuata alishindwa vibaya, na nyumba yake ikatupiwa mawe. Sisi pia tulipoteza wateja, yule mama wa kwaya akiwa wa kwanza. Baadaye alirudi, kwa sababu hapa mjini hakuna mwingine anayejua kumficha tumbo.

Nimestaafu sasa. Macho yangu hayaoni tundu la sindano bila balbu, na Madame amekwenda kwa watoto wake. Nina cherehani moja chumbani, karibu na dirisha, na nikisikia malori yakigeuka kuelekea bandarini namkumbuka Supervaiza na miwani yake. Watu huniuliza kazi hii ilinipa nini. Ilinipa kuwagusa watu mabegani. Wanasiasa, wachungaji, mabibi harusi, wote nimewazunguka wameinua mikono, na sijaona aliyenyooka.

Juzi mlango uligongwa. Alikuwa Papa Neema, mvi tupu, na mfuko wa plastiki mkononi. Siku hizi wanaishi hapa Umbilo, yeye na mkewe, kwa Neema na Thandeka, na amenenepa. Anasema Thandeka anampakulia kama mtu anayejaza kontena. Ndani ya mfuko kulikuwa na lile shati, limepauka kwa jua na sabuni, kijani kimekuwa cha majani makavu.

“Jumamosi iko fête, sherehe ya mutoto wao,” alisema. “Anatimiza mwaka. Minataka kulivaa, lakini haifungi tena. Iko akiba ndani?”

“Iko, papa. Niliacha.”

Nilifumua ubavu taratibu, balbu ikiwaka. Ile akiba ilipofunguka, kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani miaka yote kikatoka na rangi yake ya siku ile ya kukatwa, kijani kibichi, utepe mzima kutoka kwapani mpaka chini. Kilionekana wazi dhidi ya kule kulikopauka. Nilimwambia asijali, naweza kukipaka chai kikafifia, hakuna atakayeona.

Aliligeuza shati kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya ule utepe.

“Apana, Maman Furaha,” alisema. “Wacha ionekane.”